Neno la Misi Hobsoni

Misi Hobsoni alikunja mkono wa gauni lake jeupe, akakita kiganja katikati ya godoro na kuliegemea kwa uzito wake wote. Kisha akauondoa mkono, akasogea nyuma kidogo, akatazama. Alama ya kiganja ilibaki pale pale, kama unyayo kwenye tope. Akangoja. Alama haikufutika.

Alisema Kiingereza cha haraka, na ndani yake mlikuwa na neno moja refu ambalo alilitamka mara mbili, la pili kwa sauti ya juu zaidi.

"Anasemaje?" Zeyana aliuliza.

Aliulizwa Manase, dresa wa hospitali ile ya shamba la mkonge. Ndiye aliyekuwa akifunga vidonda, akigawa dawa na kumtafsiria Misi Hobsoni, mkuu wa wauguzi, ambaye Kiswahili chake kilikuwa bado hakijapita salamu. Ndiye pia aliyemwambia Zeyana kwamba wodi mpya imekwisha, vitanda vya chuma vimefika kutoka bandarini Tanga, lakini magodoro hayapo.

"Anasema magodoro yako hayana rizilyensi," Manase alijibu.

"Ndiyo nini hiyo?"

Manase alifikiri. Neno lile alikuwa amelisikia mara moja tu kabla ya siku ile, kinywani mwa daktari, aliposimama kando ya kitanda cha mkata mkonge mmoja aitwaye Laurenti. Korona, ile mashine kubwa ya kuchuna majani ya mkonge, ilikuwa imemla Laurenti mkono wa kuume mpaka kwenye kiwiko. Wakati wa kufungwa jeraha hakutoa sauti hata moja, aling'ata blanketi tu. Daktari alimtazama akatikisa kichwa, akasema kwamba mtu huyu ana rizilyensi.

"Uvumilivu," Manase alisema. "Magodoro yako, Bi Zeyana, hayana uvumilivu."

Zeyana alilitazama godoro lake. Alikuwa amelishona mwenyewe kwa cherehani ya marehemu mama yake, kwa kitambaa kizito cha mistari, na ndani amelijaza usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Hakuwa amewahi kusikia godoro likilaumiwa kwa kukosa uvumilivu, lakini alijua kwamba Wazungu wana namna zao za kusema.

"Mwambie nitaleta mengine," alisema.

*

Zeyana binti Himyar alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya taratibu ambayo watu wa Kigombe waliiogopa kuliko kelele. Baba yake alikuwa mtu mwenye asili ya Omani, mwenye minazi kuanzia barabarani mpaka ukingo wa bahari. Zeyana aliolewa Pangani, akakaa huko miaka mingi bila kupata mtoto, kisha akaachwa. Akarudi kwao na sanduku moja na cherehani. Kijijini walisema tu, "Bi Zeyana karudi," na kila mtu akaelewa.

Baba alipofariki, minazi iligawanywa kwa sheria. Mafungu mawili yalikwenda kwa Turki, kaka yake, mwenye duka la vitambaa Tanga mjini. Fungu moja, lile la upande wa bahari, likawa la Zeyana. Ndiko yalikokuwa mashimo ya makumbi. Wanawake wa Kigombe tangu zamani walifukia makumbi kwenye tope la ufukweni, wakayakandamiza kwa mawe na kuyaachia maji yanayojaa na kupwa. Baada ya miezi kadhaa waliyafukua, yakiwa meusi na yananuka, wakayatwanga kwa rungu juu ya jiwe mpaka nyama ikatoka na nyuzi zikabaki. Nyuzi hizo zilisokotwa kamba. Kwa kamba watu walipata mboga, hawakupata zaidi.

Turki hakuwa mtu mbaya. Alikuja kila baada ya muda, kanzu yake inanukia udi, akaleta sukari na halwa, akamwuliza dada yake hali. Lakini kila alipokuja alirudia neno lile lile.

"Tuuze, Zeyana. Shamba la mkonge wanataka ardhi. Uje mjini ukae na sisi. Mke wangu amekwisha kukutengea chumba."

"Nikae chumbani nikifanya nini?"

"Ukae tu. Kwani mtu akikaa kwa kaka yake ana dhambi gani?"

Zeyana hakuiona dhambi. Aliuona ule ukuta wa chumba. Siku Manase alipomwambia habari za magodoro, aliyashika maneno yale kama mtu aliyetupiwa kamba. Sufi yote ya kujazia magodoro kutoka Maramba ilikuwa inapakiwa kwenda Ulaya, na hospitali haikutaka magodoro ya majani makavu kwa sababu ya kunguni. Usumba ulikuwepo tele, ukioza bure. Zeyana akaamua.

Aliyemsaidia kutwanga alikuwa Bibiana, mke wa yule Laurenti. Bibiana alikuwa Msambaa, binti wa wakulima Wakatoliki wa milimani, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyebeba kuni tangu utotoni. Laurenti alikuwa Mngoni aliyekuja kutoka Songea kwa mkataba, mmoja wa wale waliokuwa wakiitwa manamba. Walioana kwenye kanisa dogo la kambini. Sasa mkono ulikuwa umekwenda na mkataba ulikuwa umekwenda, na nyapara alikuwa amepita kuwaambia kwamba chumba chao cha kambini kinahitajiwa na mtu mwingine, mwenye mikono miwili. Bibiana alikuja Kigombe kwa miguu kutafuta kazi yoyote. Zeyana alimpa rungu.

"Hayana uvumilivu," Zeyana alimweleza jioni ile waliporudi na magodoro yaliyokataliwa.

Bibiana aliinama akayabonyeza. "Uvumilivu wa godoro ni nini, dada?"

"Nadhani ni kutochoka. Watu wanalilalia, lisinywee."

"Basi tulishindilie."

Wakayashindilia. Waliufungua mshono wa kila godoro wakaongeza usumba, wakausukumiza ndani kwa mchi, wakaongeza tena. Bibiana alipanda juu akakanyaga huku Zeyana akishika mdomo wa kitambaa. Uzi wa mshono ulikatika, wakashona upya kwa uzi maradufu. Viganja vyao vilichubuka. Walipomaliza, magodoro yalisimama yenyewe ukutani kama milango.

Walikodi rikwama wakayarudisha hospitali. Misi Hobsoni aliyaona, akakunja kidole na kuligonga la mbele kwa fundo la kidole, kama mtu anayebisha hodi. Likajibu ko ko ko. Wauguzi wawili walicheka, kisha wakaacha walipoona uso wa Zeyana.

Manase hakuwapo, alikuwa ameitwa wodini kwa mtu aliyeumwa na nyoka. Misi Hobsoni akajaribu kuzungumza mwenyewe. Alilibonyeza godoro, akatikisa kichwa. Akalisema tena neno lake refu. Misi Hobsoni akafumba macho akitafuta Kiswahili, kisha akakipata.

"Kurudi!" alisema, akipunga mkono kutoka kwenye godoro kwenda juu, kuelekea mlangoni. "Taka kurudi! Kurudi!"

Damu ilimpanda Zeyana usoni. Hakuwa amefukuzwa na mtu tangu siku ile aliyoachwa Pangani, na neno aliloambiwa na mumewe lilikuwa ni hilo hilo.

"Tumesikia," alisema. "Bibiana, shika upande huo."

Wakayapakia magodoro wakaondoka. Nyuma yao Misi Hobsoni alibaki barazani mikono ameitandaza, uso umejaa mshangao, akiita kitu ambacho hawakukifahamu.

*

Habari haikai. Turki alifika wiki ile ile, safari hii bila halwa.

"Nimesikia umefukuzwa na Mzungu mbele ya watu," alisema baada ya salamu. "Binti Himyar kusukuma rikwama! Baba angekuwa hai ungefanya hivyo?"

"Baba angekuwa hai, kaka, usingeuza minazi yake."

Turki alikaa kwenye mkeka, akavua kofia na kuiweka gotini. Alionekana amechoka. "Mwisho wa mwezi huu nawaleta wanunuzi. Duka langu halina nguvu, Zeyana, sitakuficha. Mafungu yangu nauza. La kwako likibaki peke yake litakuwa kipande tu, ufukweni, na matope yake. Utakula tope?"

"Nimelila miaka yote hii."

"Ulirudi hapa huna kitu, tukakupokea. Sikusemi kwa ubaya. Nasema tu, ukianguka tena mimi sitakuwa na mahali pa kukupokelea. Njoo sasa, mlango ungali wazi."

Zeyana alimmiminia kahawa, akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili kama ilivyo adabu. Mikono yake ilikuwa na malengelenge ya kushona.

"Uza mafungu yako, kaka, ni haki yako. Langu siuzi. Wakija wanunuzi uwaonyeshe mpaka, wasije wakakosea."

Turki hakugombana naye. Alikunywa kahawa yake, akaondoka. Zeyana alipobaki peke yake alilia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kisha akanawa uso akaenda kufagia banda la uani. Siku ya pili yake Bibiana na Laurenti walihamia humo na mzigo wao wote, kitanda kimoja cha kamba, sufuria, jembe na picha ya Bikira Maria.

Laurenti hakuwa anazungumza. Tangu alipotoka hospitali alikuwa akikaa mlangoni, mkono uliobaki juu ya goti, akitazama ardhi. Bibiana alimpikia, akamfunga vifungo vya shati, akamsemesha. Alijibiwa kwa kichwa. Watu waliopita walimsifu Laurenti kwa uvumilivu wake. Bibiana alikuwa akingoja wapite ndipo amwambie Zeyana, "Huo si uvumilivu. Ameondoka, hayupo mle ndani."

*

Jumapili Manase alifika kwa baiskeli, ametoka moja kwa moja kanisani kwa Walutheri, amevaa koti. Aliegemeza baiskeli kwenye mnazi akapiga hodi, na hata alipokaribishwa hakukaa.

"Shikamoo, Bi Zeyana. Nimekuja kuomba radhi. Nilikupotosha."

"Marahaba. Kaa kwanza, mwanangu. Umenipotosha wapi?"

"Lile neno. Daktari alimsemea Laurenti siku aliyofungwa jeraha, nikadhani ni uvumilivu. Misi Hobsoni aliniuliza kwa nini mlikasirika. Nikamweleza mnavyosema kwamba aliwaambia mrudi kwenu. Alishika kichwa. Hakuwaambia nyinyi mrudi, Bi Zeyana. Alikuwa analisema godoro. Godoro lirudi."

Zeyana alimtazama. "Lirudi wapi?"

"Ndivyo nilivyouliza na mimi." Manase alivuta kigoda hatimaye akakaa. "Nikaenda kwa daktari. Mnakijua kile kipira anachokibonyezabonyeza akimpima mtu msukumo wa damu mkononi? Alinipa nikishike. Akaniambia kibonyeze. Nikakibonyeza, kikanywea. Akaniambia kiachie. Nikakiachia, pwaa, kikajaa tena kama kilivyokuwa. Akasema, hiyo ndiyo rizilyensi ya kitu. Si ugumu wala si kustahimili. Kitu kikubali kubonyezwa, kisha kirudi umbo lake."

Bibiana alikuwa ameacha kutwanga. "Na mbona wewe ulisema daktari alimsemea mume wangu?"

Manase alijikuna shingo. "Nilimwuliza na hilo. Alisema neno ni moja, lakini kwa mtu lina maana nyingine. Mtu aliyepigwa na dunia akainuka, nafsi yake haikuvunjika, huyo naye wanamwita hivyo. Na mgonjwa anayepata nafuu upesi pia. Hata msitu ulioungua ukachipua. Kiingereza hakioni taabu, neno moja linatumwa kila mahali."

Pale mlangoni Laurenti alikuwa amesikia yote. Zeyana aliona kwamba ameinua macho.

"Basi," Zeyana alisema polepole, "tulikuwa tunalifanya godoro kuwa jiwe, na yeye anataka liwe kipira."

"Ndivyo."

"Na usumba haurudi. Ukiubonyeza unalala."

"Hilo," Manase alisema, "daktari hakuniambia dawa yake."

*

Walihangaika. Walijaribu kuuchambua usumba uwe mwepesi zaidi, ukalala. Walichanganya na sufi kidogo waliyoiokota chini ya msufi wa jirani, ukalala vilevile. Bibiana alisema labda nazi za Kigombe ni mbovu, na Zeyana akamwambia asizitukane nazi za baba yake. Wanunuzi wakaja na Turki, wakapima, wakapiga vigingi vya mpaka. Siku chache baadaye shoka la kwanza likasikika upande wa barabarani. Zeyana hakwenda kutazama. Alikaa chini akaendelea kuchambua, na kila mnazi ulipoanguka ardhi ilitetemeka chini ya mkeka wake.

Asubuhi moja alikuwa anapita uani kuelekea kisimani, miguu mitupu, akakanyaga kitu mlangoni pa banda. Kitu hicho kilikubali uzito wake, na alipoinua mguu kikamsukuma unyayo. Akashtuka akidhani ni mdudu. Akainama.

Lilikuwa furushi la usumba mweusi wa zamani. Laurenti alikuwa amejaribu kuwamba upya kitanda chao kilicholegea. Mkono mmoja haukumtosha, kamba zilimponyoka, na kwa hasira akaishika moja kwa vidole vya mguu akaifumua kwa ule mkono wa kushoto mpaka ikawa nyuzi tupu, akazitupa nje. Lakini nyuzi zile hazikulala. Kila uzi ulikuwa umejikunja pindi kwa pindi, kama nywele za mtoto.

Zeyana aliziokota, akazifumba kiganjani na kukaza ngumi kwa nguvu zake zote. Akafungua vidole. Zikainuka, zikajaza kiganja.

"Bibiana!" aliita, na sauti yake ya taratibu haikuwapo. "Bibiana, njoo huku! Njoo uone!"

Walikaa wote watatu kwenye kizingiti, wakazibonyeza kwa zamu. Laurenti naye alibonyeza.

"Ni kwa sababu zilisokotwa," Zeyana alisema. "Zimekaa ndani ya kamba zikajifunza kujikunja."

Mara moja wakasokota kamba mpya, wakaifumua. Nyuzi zikanyooka kama zilivyokuwa kabla. Bibiana akakaa kitako, amekata tamaa. Lakini Zeyana alikuwa anatazama kichwa cha mwenzake, nywele zilizofumuliwa jana yake, ambazo bado zilikuwa na mawimbi.

"Ulipozisuka zilikuwa mbichi au kavu?"

"Mbichi. Nilikuwa nimetoka kuoga."

"Na ungezisuka kavu?"

Bibiana akainuka kwenda kuteka maji.

Wakasokota kamba tena, ngumu, wakaichemsha ndani ya pipa, wakaianika juani mpaka ikakauka kabisa, ndipo wakaifumua. Nyuzi zikatoka na mapindi yake, hazikuyaacha hata walipozivuta. Zeyana alizikusanya mapajani akaziangalia kwa muda mrefu, akitabasamu peke yake.

Sasa tatizo likawa kamba. Godoro moja lilikula kamba nyingi kuliko wanawake wawili wawezavyo kusokota kwa mapaja. Zeyana alikumbuka kwamba wasokotaji wa Tanga mjini hutumia gurudumu la mti lenye kulabu. Mmoja anazungusha mpini, mwingine anarudi kinyumenyume akilisha nyuzi. Fundi seremala wa kijijini alilitengeneza kwa mbao za sanduku, na mnazi mmoja wa Zeyana ukatoa nguzo zake.

"Wa kuzungusha ni wewe," Bibiana alimwambia mumewe.

"Hiyo ni kazi ya mtoto."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa Zeyana kusikia sauti yake vizuri. Ilikuwa nzito, yenye lafudhi ya kusini.

"Basi tuletee mtoto," Bibiana alijibu. "Hatunaye. Tuna wewe. Mpini unataka mkono mmoja, Laurenti, hautaki miwili. Kama hutaki kuuzungusha, sema hutaki. Usiniambie ni kazi ya mtoto."

Laurenti alimtazama mkewe kama mtu anayemwona baada ya safari. Akaenda akaushika mpini. Siku ya kwanza alizungusha ovyo, kamba ikakatika mara kwa mara, akatukana kwa Kingoni. Siku zilizofuata alipata mwendo wake. Kisha akaanza kuwakosoa. Mnalisha nyuzi nene mno. Mnakwenda pole mno. Bibiana alinung'unika, kisha akageuka upande wa bahari ili mumewe asimwone anavyofurahi.

*

Zeyana hakupeleka magodoro hospitali. Alimtuma Manase akamwambie Misi Hobsoni kwamba safari hii, akitaka, aje mwenyewe.

Alikuja kwa gari la hospitali, kofia kichwani, uso mwekundu kwa jua. Alitazama mashimo ya makumbi akaziba pua kwa leso, kisha akaona aibu akaiondoa. Zeyana alimkaribisha barazani. Godoro lilikuwa limetandikwa juu ya mkeka.

Misi Hobsoni alikunja mkono wa gauni, akakita kiganja, akaegemea. Akauondoa. Alama ya kiganja ikafutika polepole, kitambaa kikapanda kikawa sawa. Akabonyeza tena, mahali pengine. Kisha akageuka, akaketi juu yake kwa nguvu, mzima mzima, akainuka, akatazama nyuma yake. Palikuwa sawa. Akacheka kwa sauti, na hapo walimwona kuwa bado ni msichana.

"Kurudi!" alisema.

"Limerudi," Zeyana alimjibu, naye akacheka.

Walikubaliana magodoro ya wodi nzima, nusu kabla ya mvua na nusu baada yake. Misi Hobsoni akaomba aonyeshwe jinsi yanavyotengenezwa, wakampeleka kwenye gurudumu. Laurenti alikuwa ameshika mpini, jasho linamtiririka, na mkono wa shati uliokuwa mtupu ameupiga fundo. Misi Hobsoni alimtambua. Alisimama, akaweka kiganja kifuani, akamwambia Manase maneno kadhaa, na lile neno lilikuwa ndani yake.

"Anasema," Manase alianza, kwa uangalifu wa mtu aliyekwisha kuungua, "anasema Laurenti ana ile rizilyensi. Amerudi kama alivyokuwa."

Bibiana aliweka chini nyuzi alizokuwa nazo.

"Mwambie asante," alisema. "Lakini mwambie godoro ndilo linalorudi kama lilivyokuwa. Mume wangu hakurudi. Yule aliyekuwa akikata mkonge akaimba njia nzima hatuko naye tena, na mimi nimekwisha kumlilia. Huyu ni mwingine. Ameanza upya, kwa mkono usiokuwa wake wa kazi. Kama lile neno lao linaweza kusema hivyo, sawa. Kama haliwezi, watafute jingine."

Manase akatafsiri, neno kwa neno, ikamchukua muda. Misi Hobsoni alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, hakujibu kwa Kiingereza. Alimwendea Bibiana akampa mkono, kisha akamgeukia Laurenti, akanyoosha ule wa kushoto ili aweze kuupokea.

"Pole," alisema. "Na hongera."

Laurenti aliupokea. "Ahsante, Misi. Sasa tuache tufanye kazi, jua linakwisha."

*

Mvua za masika zilipoanza, upande wa barabarani haukuwa na mnazi hata mmoja. Palikuwa pameng'olewa visiki na kupandwa miche ya mkonge, safu kwa safu. Kivuli alichochezea Zeyana utotoni hakikuwapo tena, na upepo ulioingia uani ulikuwa mkali kuliko zamani. Mara nyingine aliamka asubuhi akasahau, akafungua dirisha, akaona mwanga usiokuwa mahali pake. Alilifunga, akalifungua tena, akaanza siku.

Turki alikuja kabla ya Ramadhani. Duka lake lilikuwa limepona kidogo. Alipita katikati ya kamba zilizoanikwa akishika pindo la kanzu lisiguse tope, akakaa barazani. Alikuwa ameleta jora zima la kitambaa kizito cha mistari.

"Nimekipata kwa Mhindi mmoja," alisema, bila kumtazama dada yake usoni. "Nikaona labda kitakufaa."

"Kitanifaa sana, kaka. Nawe ulale hapa leo, ujaribu godoro."

Alilala. Asubuhi hakusema kitu juu ya godoro, lakini alichelewa kuamka, na baadaye alimtuma mkewe aje kuagiza mawili.

Asubuhi hiyo, kabla hajapanda basi, alisimama uani akawatazama Laurenti na seremala, waliokuwa wanachimba mashimo ya nguzo karibu na gurudumu. Banda lilikuwa linavuja, na Zeyana alikuwa amewapa Bibiana na mumewe kiwanja wajenge nyumba yao.

"Watu watasema, Zeyana. Umewaweka Manasara kwenye ardhi ya marehemu baba."

"Wamekwisha kusema. Bi mkubwa wa jirani alikuja juzi, nikamsikiliza mpaka akamaliza, nikampa kamba ya kuanikia nguo. Akaenda zake."

Turki alitikisa kichwa, lakini mdomo wake ulikuwa karibu kucheka. Kule kwenye mashimo sauti zilikuwa zimepanda. Bibiana alitaka mlango uelekee milimani kwao, Laurenti alitaka uelekee gurudumu ili asipoteze muda kuzunguka nyumba kila asubuhi. Seremala aliketi juu ya udongo akangoja wapatane.

"Bi Zeyana!" Bibiana aliita. "Njoo umwambie mtu huyu!"

Zeyana aliagana na kaka yake, akakaza mtandio kiunoni, akaenda kuamua.